Mlio wa Uti wa Jani

Uti wa jani la tumbaku ukikauka sawasawa hulia. Mlio wenyewe ni mdogo, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti karibu na sikio lako. Mzee aliyenikaribisha kwenye bani lake, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku, nje kidogo ya mji wa Urambo, alichomoa jani moja kutoka ufito wa chini, akalikunja katikati, kach, kisha akaanza kuvuta magogo kutoka mdomoni mwa tanuri. Hakunitazama wala hakusema neno. Mlio ule ulikuwa umeshamwambia alichotaka kujua, kwamba jani limekauka mpaka ndani na moto sasa upumzike.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti kando yake, kinasa sauti mkononi, hedifoni masikioni. Nasomea uandishi wa habari, na kazi niliyopewa ilikuwa ya medianuwai: habari moja isimuliwe kwa maandishi, picha, sauti na video, kila kimoja kikisaidiana na mwenzake. Nilichagua usiku wa mkausha tumbaku kwa sababu nimekulia mkoani Tabora, nimeyaona mabani tangu utotoni, na sikuwahi hata siku moja kukesha kwenye bani moja mpaka asubuhi.

Tumbaku inayolimwa sana Urambo ni ile ya mvuke. Moshi haugusi jani. Moto unawashwa nje, joto linapita kwenye mabomba yaliyolazwa sakafuni mwa bani, na majani yaliyofungwa kwenye fito yananing'inia juu yake safu kwa safu hadi karibu na paa. Siku za mwanzo moto ni wa kubembeleza, nyuzi 35 hadi 40, ili jani ligeuke njano taratibu. Ukiwa na haraka linakauka na ukijani wake, na sokoni linashushwa daraja. Rangi ikishakaa ndipo joto linapandishwa hatua kwa hatua. Ubapa wa jani unatangulia kukauka. Uti ni wa mwisho, joto likiwa limekaribia nyuzi 70. Yote hayo huchukua siku tano hadi saba, na siku zote hizo mwenye bani hulala hapo hapo nje, kwenye mkeka, akiamka kila mara kuchungulia kipimajoto kwa tochi ya simu.

Mara ya kwanza nilirudi chuoni na saa tatu za video. Nilizionea fahari kweli. Mwalimu wetu, ambaye kabla ya kufundisha alifanya kazi ya redio kwa miaka mingi, alitazama dakika tano hivi, kisha akaigeuza skrini ikaelekea ukutani. "Sasa tusikilize," akasema. Bila picha kulikuwa na upepo unaogonga maikrofoni na bodaboda inayopita. Kulikuwa pia na sauti yangu mwenyewe juu ya maneno ya mzee: "Ndiyo… eeh… ndiyo baba… eeh." Kila alipofika mahali pazuri, mimi nilikuwa nimeshamwitikia. Nyumbani tumefundishwa kwamba mkubwa akisema unaitikia, na kukaa kimya ni kama kumdharau. Mwalimu alilijua hilo, hakunikemea. Alinionyesha namna ya kuitikia kwa macho na kwa kichwa. Akanishauri pia nimweleze mzee mapema kwa nini nitanyamaza, ili asije akadhani nimechoka kumsikiliza.

Akanifundisha jambo la pili, ambalo tangu siku hiyo limebadilisha namna ninavyoingia mahali popote. Ukifika, alisema, kabla ya swali la kwanza, washa kinasa sauti, kaa kimya, urekodi dakika nzima ya mahali penyewe. Hakuna kimya kinachofanana na kingine. Darasa tupu lina kimya chake, na kanisa tupu nalo lina chake. Baadaye, unapokata maneno ya mtu na kuyaunga, sikio la msikilizaji hujikwaa pale kwenye kiungo, kwa sababu hewa ya mahali imekatika ghafla. Dakika ile unaitandika chini ya maneno kama mkeka, na kiungo kinapotea. Msikilizaji hatajua kamwe kwamba ipo. Wengi wanaoisifu medianuwai husifu vinavyoonekana, picha iliyopigwa kutoka angani na ramani inayojisogeza yenyewe. Mimi tangu hapo nawahusudu wanaotandika ile mikeka.

Basi nilipanda tena basi kutoka Tabora, kama kilomita 90 kuelekea magharibi. Mzee alikuwa anapakia bani kwa mara nyingine, maana msimu mmoja huwa na mikausho kadhaa. "Mwangaluka, baba." "Mwangaluka, mwanangu. Umerudi? Nilidhani umeshatumaliza." Nikamweleza habari ya kunyamaza. Akafikiri kidogo, akasema hata yeye akisikiliza bani hapendi watu wapige soga.

Njiani siku ile niliwaza sana juu ya barabara yenyewe. Nchi hii ndiko walikotoka wapagazi Wanyamwezi waliobeba mizigo kati ya bara na pwani katika karne ya 19. Misafara ile haikugawa mizigo ovyo. Kirangozi, kiongozi wa njia, alitangulia. Nyuma yake walifuata wabeba pembe za ndovu, watu wa nguvu na wa heshima, kisha wa nguo, wa ushanga, wa masango ya shaba. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita Tabora mwaka 1857, aliandika kwamba ncha ya pembe ilifungwa kengele. Kwa hiyo hata mzigo wenyewe ulikuwa na sauti, na msafara ulisikika kabla haujaonekana. Ninapokaa sasa kupanga habari, swali langu ni lile la mpakiaji wa msafara: mzigo huu abebe nani? Bei ya kilo na madaraja ya jani huwezi kumpa mpiga picha, atadondosha njiani. Hayo hubebwa na maandishi. Mikono ya mke wa mzee ikichambua majani, vidole vimeshika utomvu mpaka vimekuwa vyeusi, maneno matatu ni mengi na picha moja yatosha. Na uchovu wa mtu aliyekesha usiku wa nne haupigiki picha vizuri, kwa sababu usoni mwa wakulima wengi uchovu umeshakuwa sura. Lakini kwenye sauti upo. Unausikia katika nafasi ndefu kati ya neno na neno.

Urambo yenyewe imebeba jina la Mirambo, mtemi aliyeifunga njia ya misafara kwa vita dhidi ya wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, eneo la Tabora. Mwaka 1871 mwandishi wa New York Herald, Henry Morton Stanley, alikwama Tabora kwa sababu ya vita hiyo, akalazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Barua zake zilikwenda pwani kwa miguu ya watu, na picha kitabuni mwake zilichorwa na mafundi waliokaa mbali kabisa na tukio. Mwaka 1876 hatimaye alikutana na Mirambo uso kwa uso. Alimfananisha na Napoleon, na pengine alitarajia ngurumo. Akakuta mtu mtulivu, mpole, mwenye sauti ya chini.

Sauti ya chini! Kila nikifika hapo nasimama. Mwaka uliofuata, 1877, mvumbuzi Mmarekani Edison alitengeneza mashine ya kwanza ya kunasa sauti. Mirambo alifariki 1884. Kwa miaka saba mashine ya kuibeba sauti ile ilikuwepo duniani, na hakuna aliyeifikisha kwake. Tumebaki na sifa ya sauti, iliyoandikwa na mgeni kwa lugha ya kigeni.

Mashine ilifika baadaye, kwa mkono wa Wajerumani. Mwaka 1906 mtafiti Karl Weule wa Leipzig alizunguka kusini mwa nchi akiwa na fonografu na kamera ya filamu, jambo ambalo leo tungeliita kazi ya medianuwai bila kusita. Wapagazi wake walikuwa Wanyamwezi, mnyapara wao akiitwa Pesa Mbili, na nyimbo zao za safari akazitia kitabuni. Mwaka 1909 mtafiti wa muziki Erich von Hornbostel alichapisha makala ya kuchambua nyimbo za Wanyamwezi zilizonaswa kwenye mitungi ya nta. Mtungi mmoja ulichukua dakika mbili au tatu tu, na mwimbaji ilibidi aimbe kwa nguvu akielekeza kinywa kwenye pembe ya mashine. Wimbo wa safari, ambao mguuni ungedumu mpaka kambi inayofuata, ulikatwa ukatosha kwenye nta. Siwalaumu wale mafundi, walifanya kilichowezekana, na kazi yao ni hazina. Ila nimejifunza kukiuliza kila chombo ninachoshika: wewe utaukata wimbo huu wapi?

Kwetu sasa kinachokata ni bando. Darasani mwalimu alituonyesha habari ya New York Times ya mwaka 2012, ya John Branch, kuhusu maporomoko ya theluji huko Tunnel Creek, Marekani. Ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2013, na waandishi wengi duniani walijaribu kuiiga. Nilipenda jinsi mlima ulivyojitokeza pale pale maneno yalipochoka kuueleza. Lakini ilichukua muda mrefu kufunguka kwenye kompyuta yetu, na niliwaza simu za Urambo: skrini yenye ufa, chaji inayotunzwa, bando la siku linalogawanywa kati ya watu watatu. Habari ya mzee wa bani ikiwa nzito hivyo, mzee wa bani hataiona. Kwa hiyo nilijiwekea kipimo: sauti ya dakika nne inayopita WhatsApp bila shida, picha saba, maandishi mafupi. Video nikaiacha yote, isipokuwa sekunde 20 za moto. Kuiacha kuliniuma. Lakini mpagazi naye ana kiasi anachoweza kubeba, na kumzidishia ni kumwangusha njiani pamoja na mzigo.

Nilihariri kwa siku sita, karibu muda ule ule wa mkausho mmoja. Nilisikiliza pumzi, nikabakisha nyingine na kutoa nyingine. Niligundua kwamba mvua ya usiku wa pili wa mkausho, ikigonga bati la kibanda cha kuni, ilishuka polepole ikawa matone, kisha chura mmoja akaanza, kisha mzee akakohoa. Mbali sana, honi ya treni ya reli ya kati ikasikika. Sikuwa nimeisikia nikiwa pale, masikio yangu yalikuwa kwenye maswali. Hapo nilielewa mwalimu alichokuwa akikitafuta kwenye ile dakika moja. Niliipenda sehemu hiyo kupita kiasi, na kwa kuwa niliona inahitaji kilele, nikauchukua mlio wa uti wa jani nikauweka mwishoni mwake. Mvua, chura, honi, kach. Ilikaa vizuri mno. Mwalimu aliisikiliza mara mbili akaisifu.

Niliona ni adabu mzee aisikie kabla ya mtu mwingine yeyote wa Urambo. Tuliketi kwenye gogo, nikamvalisha hedifoni, nikakaa kando nikimtazama. Alifumba macho. Alitabasamu kwenye kikohozi chake. Treni ilipopita aliinua kidole, kama mtu aliyeitwa kwa jina. Halafu uso ukakunjamana. Akavua hedifoni upande mmoja.

"Huu ni usiku gani, mwanangu?"

"Wa pili, baba. Ule wa mvua."

"Usiku wa pili uti bado una maji. Haulii. Hapa umeuvunja kabla haujakauka."

Nilimweleza kwamba mlio ni wake kweli, jani ni lake, nimeusogeza tu upendeze. Hakukasirika. Alisema mtu wa mjini hatajua, lakini hapa Urambo kila atakayesikia atajua, na atasema huyu mzee anaharakisha moto.

Nikarudisha mlio siku ya mwisho, mahali pake. Usiku wa pili ulibaki bila kilele: mvua inapungua, chura, kikohozi, treni kwa mbali, kisha kuni zikilia polepole motoni. Nilikuwa na sekunde 11 za kuziba pale nilipoondoa, nikachukua kwenye ile dakika moja ya kimya niliyoirekodi nilipofika. Mzee alipoisikia mara ya pili hakusema kitu. Alinirudishia hedifoni, akainuka, akaenda kutazama kipimajoto.