Barua za Robert Walton: mwanzo wa kitabu cha « Frankenstein »

Watu wengi, wakisikia jina la Frankenstein, wanafikiri mara moja lile jitu la kutisha. Lakini Mary Shelley, ambaye kitabu chake kilitoka London mwaka 1818, hakuanza na jitu. Alianza na barua nne za kijana Mwingereza, Robert Walton, anayemwandikia dada yake Margaret. Tuzisome polepole, maana ndimo ulimo ufunguo wa kitabu kizima.

Walton ana miaka 28. Anataka kufika ncha ya kaskazini ya dunia, pahali ambapo mtu hajakanyaga bado. Si mvivu: alifanya kazi pamoja na wavuvi wa nyangumi, akavumilia baridi, njaa, kiu na kukosa usingizi. Tena asema safari yake itawafaa watu wote. Basi tumlaumu kwa nini?

Tutazame ginsi anavyoanza. Dada yake aliiogopa safari hiyo; neno lake la kwanza ni kumwonyesha kwamba hakuna baya lililotokea. Baba yake, karibu na kufa, alikataza kijana asiachwe kwenda baharini. Walton analitaja katazo hilo, kisha anapita. Naye mwenyewe anakiri kwamba alichagua sifa kuliko raha ya mali. Faida ya watu imo mdomoni, sifa imo moyoni.

Barua ya pili yaonyesha zaidi. Walton analia kwamba hana rafiki. Lakini kati ya mabaharia wake yumo msimamizi mmoja mpole. Huyo alimwacha mchumba wake kwa sababu binti alimpenda kijana mwingine, maskini. Tena akampa kijana yule shamba na feza zake wapate kuoana. Walton anamsifu, halafu asema kwamba hakusoma. Mwalimu aliyemhitaji alikuwa karibu naye, mtu anayejua kuacha anachokipenda, naye hakumtambua.

Kwa hiyo, barua ya nne inapomleta Victor Frankenstein, aliyeokotwa katika barafu, amekonda na kuchoka, Walton anaona amepata ndugu. Ndiyo, ni ndugu: wana kiu moja. Mwishoni barafu inaifunga merikebu, mabaharia wanaomba kurudi, naye anakubali kwa uchungu. Somo alilolikataa kwa msimamizi, barafu imemfundisha.

Msomaji anayeruka barua hizi ili afike upesi kwa lile jitu ataogopa tu. Anayezisoma atajiuliza yeye mwenyewe anatafuta nini katika masomo yake.