Redio, Mitambo na Masikio ya Eastlands

Msomaji wangu, bila shaka umepata kumsikia mtu mzima akiuita muziki wa vijana kelele. Neno hilo ni jepesi kutamka, lakini halitoshi kuwa hukumu. Mhakiki hana budi kuuliza: ni kelele kwa sikio la nani, na sikio hilo lilifundishwa na nani? Katika miji yetu mwalimu wa masikio aghalabu amekuwa redio.

Tazama yaliyotokea Detroit, mji wa viwanda vya magari huko Marekani. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 palikuwa na mtangazaji aliyejiita Electrifying Mojo. Hakupenda uso wake ujulikane. Alitaka asikike tu. Katika kituo cha WGPR, kilichokuwa cha watu weusi, alipiga santuri za Kraftwerk, Wajerumani waliopiga mitambo ya umeme, akaziweka bega kwa bega na nyimbo za Prince. Miongoni mwa waliomsikiliza usiku ni vijana wa shule ya Belleville, Juan Atkins na Derrick May, ambao pamoja na mwenzao Kevin Saunderson ndio walioasisi muziki uitwao tekno. Atkins alipotoa wimbo wake wa kwanza mwaka 1981, kwa jina la Cybotron, Mojo huyo huyo aliupiga. Mtangazaji alikuwa amelima shamba, kisha akawa wa kwanza kuonja mavuno.

Je, Nairobi ina Mojo wake? Hadi katikati ya miaka ya 1990 redio nchini Kenya ilikuwa ya serikali. Mwaka 1996 Capital FM ilifungua mlango, lakini ilisema Kiingereza. Watoto wa Kaloleni, Jericho, Buruburu, Umoja na Dandora walikuwa wakisema Sheng. Wakati huo matatu za Eastlands ndizo zilizokuwa idhaa yao: zilichagua nyimbo, zikazirudia, zikazitangaza kwa spika kubwa kutoka mtaani hadi mjini, na abiria asiyezipenda alikuwa na hiari ya kwenda kwa miguu.

Ndipo katika mtaa wa California, katika studio ya Calif Records, mtayarishaji Clemo na wenzake walipounda genge mwanzoni mwa miaka ya 2000. Isikilize vizuri. Ngoma yake imetoka katika kompyuta, ni chache na kavu. Besi ni nzito. Maneno husemwa kuliko kuimbwa. Wapo walioona umaskini katika uchache huo. Mimi naona busara, kwa maana nafasi iliyoachwa na mtambo ndiyo iliyomwezesha Nonini au Jua Cali kusema kama mtu asimamaye kwenye kona ya mtaa wake, wala asilazimike kupiga kelele. Ghetto Radio ilipoanza kusikika katika 89.5 mwaka 2008, ikitangaza kwa Sheng, sauti hiyo ilipata nyumba. Walimu wa lugha walinung'unika, nami nawaelewa. Lakini mtu hawezi kuhakiki muziki wa mtaa kwa lugha inayouonea haya.

Hata hivyo tusifiche kasoro. Vijana wa Ethic, kutoka Umoja, walivuma mwaka 2018 kwa mdundo mchangamfu, na mwaka uliofuata wimbo wao mmoja ukalaumiwa kwa kufanyia mzaha dhuluma dhidi ya wanawake. Lawama hiyo ilikuwa ya haki. Mdundo mzuri hautakasi neno baya. Tena, redio yenye mazoea ya kurudia wimbo uliokwisha kuvuma haifundishi sikio lolote. Inafuata nyuma ya umati.

Mfikirie Joseph Kamaru, ajiitaye KMRU. Alizaliwa Nairobi, naye ni mjukuu wa Joseph Kamaru, mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Mjukuu hunasa sauti za mahali, akazitandaza polepole kwa mitambo. Albamu yake "Peel" ilitolewa mwaka 2020 na kampuni ya Editions Mego ya Vienna, ikasifiwa sana Ulaya. Singeli ya Mburahati, Dar es Salaam, nayo ilifika mbali kwa mkusanyo uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017. Je, yafaa mtoto wa Makongeni angoje sifa za Vienna ndipo ajue kilichofanywa na jirani yake?

Ninachotaka kwa vituo vyetu ni kidogo: saa moja usiku, mtangazaji ataje jina la mtayarishaji na mtaa wake, apige wimbo mgeni mara mbili, kisha amruhusu msikilizaji apige simu na kuukataa kwa sababu. Nawe ukiipata "Peel", isikilize usiku nyumba ikiwa kimya. Mwanzoni utadhani redio imeharibika. Usiizime bado.