Suti ya Mabaka Yafika Magara

Jamani, nimeivaa! Suti ya kuzamia ya mabaka, vipande viwili, neoprini ya milimita 3, kofia imeungana na koti, na rangi zake ni zile zile za mawe ya Ziwa Tanganyika: kijivu, hudhurungi, kijani cha mwani, na hapa na pale baka la weupe-weupe kama mahali samaki walipokwangua. Nilipoitandaza juu ya mwamba pale Magara, kusini mwa Bujumbura, sikuweza kujua mkono wake umeishia wapi.

Na huo ndio uzuri wake. Mabaka hayamfanyi mtu asionekane. Yanavunja umbo lake. Mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, Hugh Cott, alilichambua jambo hili kwa kina katika kitabu chake cha 1940. Aliyeishona hii amelielewa vizuri mno: baka moja kubwa jeusi linaanzia kifuani, linapanda begani na kushuka mkononi bila kukatika penye mshono. Nguo za kubahatisha huacha mstari mnyoofu pale pale begani, na mawe ya ziwani hayana mstari mnyoofu.

Rangi sasa! Juani ile hudhurungi ilinitia wasiwasi, ilikuwa inawaka. Lakini maji humeza wekundu kabla ya rangi nyingine, na mita chache tu chini ilikuwa imetulia, jiwe tupu. Mkiwa dukani msiikatae kwa kuiona kali.

Kisha wakaja samaki ambao wafugaji wa Ulaya na Marekani huwaita mabinti wa mfalme wa Burundi. Jina lao la kisayansi, Neolamprologus brichardi, linamkumbuka Pierre Brichard, Mbelgiji aliyesafirisha samaki wa mapambo kutoka Bujumbura. Nikiwa na suti nyeusi huwa wanajichimbia mianyani mapema. Safari hii nilijishikiza kwenye jiwe, kamera mkononi, nikabana pumzi. Wakarudi! Mmoja alisogea hadi mbele ya miwani yangu, nikaona ule weupe wa buluu ukingoni mwa mapezi yake, na mkia wenye ncha mbili ukipepea. Nilitamani kupiga kelele chini ya maji.

Ila ukipiga miguu kwa nguvu umeharibu yote, kwa kuwa samaki huhisi mtikisiko wa maji kwa ubavu wake. Na kwa wanaomfuata sangala kwenye maji ya wazi, mabaka ya mawe si mahali pake. Huko linahitajika vazi la buluu. Karibu na mdomo wa mto Rusizi msijisumbue kabisa: maji ni tope, na viboko na mamba ni wenyeji wa pale.

Ndani mpira wake ni laini na unanata, kwa hiyo lainisheni kwa maji ya sabuni kabla ya kuvaa, la sivyo utachanika. Na tafadhali, fungeni boya la rangi ya chungwa. Vazi linalowaficha kwa samaki linawaficha pia kwa nahodha wa mtumbwi wa injini.

Kwa watengenezaji nina ombi moja tu: glavu za mabaka hayo hayo. Mkono ndio unaotangulia kumfikia samaki, na wangu ulikuwa mweusi tii.