Kumwandalia Mtu Usiyemjua

Mpangaji aliyezoea Dar es Salaam, akiletwa na dalali kuona nyumba, hana haraka na makochi. Anakwenda bafuni, anafungua koki na kutega sikio. Maji yakitoka kwa nguvu anauliza la pili: LUKU, yaani mita ya umeme, ni ya peke yake au ya kuchangia? Akiridhika na majibu hayo mawili ndipo anasimama katikati ya sebule na kuinua macho, na hapo rangi, mapazia na marumaru vinapata nafasi ya kujieleza. Mwenye nyumba anayeujua mpangilio huu wa maswali amekwisha ingia katika ufundi ambao haujasifiwa vya kutosha, ufundi wa kumwandalia makazi mtu ambaye hajawahi kumwona na ambaye huenda hata mjini hajafika.

Wengi huudhani kuwa ni suala la fedha. Fedha inahitajika, hilo halina ubishi, lakini fedha inaweza kuishia kwenye dari ya jipsamu yenye taa za rangi tatu huku bomba la jikoni likidondosha tone baada ya tone usiku kucha. Fundi wa kweli huanza na yale ambayo mpangaji atayaona pale tu yakiharibika. Hapo ndipo heshima ya kazi hii ilipo.

Tuanze na maji, kwa kuwa mji una mgao na kila nyumba yenye akili ina tangi. Tangi la lita 1,000 linaweza kumtosha mtu na mwenzake kwa siku kadhaa, lakini ujazo ni nusu ya habari. Kila mita 10 za kimo kati ya maji na koki huzaa takriban bari moja ya shinikizo. Tangi lililowekwa mita 3 tu juu ya bafu litatoa chini kidogo ya theluthi ya bari, na hapo bomba la mvua lenye vitundu vidogo, hata liwe la bei gani, litamchuruzikia mtu mabegani. Mwenye nyumba makini huinua mnara wa tangi, au hutumia mabomba mapana na kichwa cha kuogea kilichotengenezwa kwa shinikizo dogo. Mpangaji hatajua kilichofanyika. Atajua tu kwamba anaoga vizuri kila asubuhi, na mkataba ukikaribia kuisha hatakuwa na haraka ya kumpigia dalali.

Umeme nao ni hivyo hivyo. LUKU hulipiwa kabla ya kutumika, na nyumba ya vyumba sita yenye mita moja ni shamba la ugomvi: huyu ana friji, yule ana pasi tu, mwingine amesafiri wiki mbili na bado anadaiwa mchango. Kumtengea kila mpangaji mita yake ni sehemu ya upambaji wa nyumba, ingawa hakuna picha inayoweza kuionyesha. Amani kati ya majirani wa korido moja inastahili kugharamiwa mapema kuliko sofa.

Pwani ya Afrika Mashariki haikujifunza jana kuandaa chumba kwa ajili ya mtu wa nje. Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu, ambazo Usam Ghaidan alizichora na kuzieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975, kulikuwa na sabule, chumba cha wageni kilichotengwa na sehemu ya ndani ya familia. Mji wa bandari ulihitaji chumba hicho, kwa sababu mfanyabiashara aliyeletwa na kaskazi alilazimika kungoja pepo zigeuke ndipo arudi kwao. Aliyekijenga hakuwa na jina la mgeni mkononi, ila alijua mgeni atakuja, na alijua atahitaji faragha, kivuli na maji.

Nyumba hizo zinafundisha mengi kwa anayetafuta kupangisha leo. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana uliamuliwa na boriti za mikoko zinazobeba dari, na upana huo kwa kawaida haufiki mita 3. Ukiingiza humo kabati la milango minne na kitanda cha sita kwa sita, chumba kimekufa. Wenyewe walilijibu tatizo kwa zidaka, matundu yaliyochongwa katika ukuta wenyewe na kupambwa kwa sahani na bakuli za kaure, hivi kwamba ukuta unahifadhi vitu na kupendeza bila kula hata inchi moja ya sakafu. Na bafuni palikuwa na birika la maji lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa mwa birika bakuli la kaure lililopachikwa sakafuni ili visamaki visife maji yanapopungua. Aliyefikiria jambo hilo alikuwa fundi wa daraja la juu. Bakuli lile ni pambo, na papo hapo ni kinga dhidi ya mbu.

Mji Mkongwe wa Zanzibar una somo lake. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta za namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa. Anayetaka nyumba ionekane mpya haraka hupiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta inayong'aa. Ikipita masika moja, unyevu uliofungiwa ndani hutafuta njia, rangi inavimba, plasta inabanduka, na chumvi inachora mabaka meupe nyuma ya kichwa cha kitanda. Mpangaji analalamika kuhusu harufu, mwenye nyumba anaongeza koti jingine la rangi, na ugonjwa unazidi. Plasta ya chokaa na rangi ya chokaa huacha ukuta upumue. Inahitaji subira na inahitaji kurudiwa kila baada ya muda, lakini chumba kinabaki baridi na kikavu. Mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na anayepangisha humo kwa kweli anapangisha pia kazi ya waashi waliokufa zamani. Inafaa awafuate walivyofanya.

Samani sasa. Mtu wa Dar es Salaam atasema nenda Keko, na atakuwa amesema kweli. Katika karakana za Keko, wilayani Temeke, vitanda, kabati na seti za makochi hupangwa kandokando ya barabara, na mnunuzi anaweza kumwona seremala akipiga msasa kile anachotaka kukinunua. Hapo ndipo uamuzi mkubwa unapofanyika. Mninga unastahimili mchwa na haupindipindi hali ya hewa inapobadilika, na kitanda cha mninga kilichoungwa vizuri kinaweza kuwatumikia wapangaji kumi. Mtiki, unaopandwa katika mashamba ya Longuza na Mtibwa, nao una sifa zinazokaribiana. Bodi za MDF, ambazo ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, zinapendeza dukani na bei yake inavutia, lakini zikipata maji huvimba na bawaba hazishiki tena. Kuziweka chini ya sinki ni kujitafutia hasara. Jijini, tena karibu na bahari, mahali pake ni juu ukutani, kwenye chumba kikavu, na si penginepo.

Godoro lisifanyiwe ubahili. Vipimo vya tano kwa sita na sita kwa sita vinajulikana na kila mtu, na wengi huuliza unene, inchi 8 au 10, wakasahau kuuliza uzito wa sponji. Sponji nyepesi hubonyea katikati ndani ya miezi michache, na hakuna shuka la maua litakaloficha shimo hilo. Mpangaji anaweza kuvumilia meza yenye mkwaruzo. Mgongo unaouma hauvumiliki.

Jambo lenye utajiri mkubwa kuliko yote katika kazi hii, hata hivyo, ni kumsoma mpangaji kabla hajabisha hodi. Mtaa wa nyumba unasema mengi. Upanga iko Hospitali ya Taifa Muhimbili, na hospitali ina watu wanaorudi kazini alfajiri na kulala mchana; kwa hao, pazia zito lenye kitambaa cheusi nyuma yake lina thamani kuliko televisheni ya inchi 55. Changanyikeni na Makongo ziko karibu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwalimu au mwanafunzi wa shahada ya uzamili anatafuta meza pana, kiti kisichochosha kiuno, soketi karibu na meza na rafu ya vitabu isiyolegea. Familia yenye watoto wadogo itakagua vyuma vya ngazi na kona za meza ya kioo. Mwenye nyumba anayenunua seti ileile ya sebule kwa nyumba zake zote, popote zilipo, anaijua hesabu ya duka kuliko anavyowajua watu.

Baada ya kumsoma mtu, isomwe hewa. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, miezi ya joto kali, kisha kusi huchukua zamu. Kabati refu likiwekwa mbele ya dirisha la upande wa kaskazini-mashariki limekwisha uziba upepo wakati unapohitajika zaidi, na mpangaji atalipia kosa hilo kwa kiyoyozi. Chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana, nyavu nzima za mbu na pangaboi lisilopiga kelele kinaweza kupita miezi mingi bila kiyoyozi kuwashwa. Na taa ziangaliwe kwenye boksi kabla ya kununuliwa: namba ya 3000 mbele ya herufi K ni mwanga wa joto wenye unjano kidogo, ufaao sebule na chumba cha kulala, na 6500 ni mweupe mkali wa mchana, ambao jikoni na mezani unasaidia lakini chumbani unamkosesha mtu utulivu. Tofauti ya bei kati yake ni ndogo mno kuweza kuwa sababu ya kukosea.

Kule Marekani kazi hii imekuwa taaluma yenye mafunzo yake. Barb Schwarz, aliyefanya kazi ya kuuza nyumba karibu na Seattle, huhesabiwa mwanzilishi wake tangu mwaka 1972: alianza kuzisafisha, kuzipunguzia vitu na kuzipanga upya nyumba kabla ya kuwaonyesha wanunuzi. Neno la kushika hapo ni kupunguza. Vilevile waanzilishi wa Airbnb, kampuni ya kutangaza makazi ya kupangisha iliyozaliwa San Francisco mwaka 2008, walikuwa na matangazo ya nyumba nyingi za New York zilizopigwa picha za giza kwa simu. Mwaka 2009 walikwenda wenyewe nyumba kwa nyumba na kamera nzuri, na mapato yao ya wiki, yaliyokuwa yamekwama kwenye dola 200, yakafika dola 400. Nyumba zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kwamba sasa zilionekana.

Picha, basi, ni sehemu ya ufundi, ila ina mpaka wake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na picha inayonyoosha chumba cha mita tatu kikaonekana cha sita inakitembeza kibaya. Mpangaji atafika na dalali, atapima kwa macho, na ile imani aliyokuja nayo itaisha mlangoni. Picha bora hupigwa asubuhi, mapazia yakiwa wazi, kamera ikiwa usawa wa kifua, na mojawapo iwe ya bafu jinsi lilivyo. Anayekuja baada ya kuiona picha ya namna hiyo amekwisha kukubali nusu, na mara nyingi ndiye mtu ambaye angependwa akae.

Kisha kuna ujasiri wa kuacha nafasi. Ukuta mmoja usiwekwe kitu. Rafu mbili ziwe tupu. Picha za familia ya mwenye nyumba, zawadi za harusi, na vikombe vya kabatini visivyoguswa viondoke, kwa sababu mtu anayehama hubeba mkeka wake, picha ya mama yake, sufuria aliyoizoea, na anahitaji mahali pa kuviweka. Nyumba zilizojazwa hadi kingo hupata wapita njia wa miezi mitatu. Anayekusudia kukaa hutafuta pale ambapo vitu vyake vinaweza kuenea.

Siku ya kukabidhiana funguo kuna karatasi moja inayostahili uangalifu uleule uliopewa mninga na chokaa: orodha ya vitu. Iandike kila kiti na hali yake, kila pazia, kila taa, idadi ya funguo na namba ya mita. Pande zote mbili zizunguke vyumba pamoja, zijaribu kila soketi na kila kitasa, zipige picha za mikwaruzo iliyokuwepo, ndipo ziweke sahihi, kila upande ukibaki na nakala yake. Fedha ya dhamana haigombaniwi pale ambapo karatasi hiyo ipo. Na mwaka ukiisha na mpangaji akaaga kwa wema, orodha hiyohiyo inamwonyesha fundi pa kuanzia: mguu wa meza uliolegea, kitasa cha chumba cha pili, ukuta wa jikoni ulioshika mvuke wa mafuta.