Santuri Iliyokosa Kwao

Huenda sanduku la bati ulilokwenda nalo bweni lilifuliwa Kamukunji, jirani na mtaa wa Shauri Moyo, Nairobi. Pita huko siku moja usimame usikilize. Fundi mmoja hugonga upesi, mwingine polepole, na wa tatu hunyamaza kisha akapiga pigo moja zito. Hawakupatana, lakini baada ya kitambo sikio huona mwendo mmoja. Liweke hilo moyoni, kwani litakufaa kuisikiliza santuri ninayotaka kukueleza.

Jina lake ni Independence, yaani Uhuru, nayo ilitolewa London mwaka 1974 na kampuni ya President Records. Waliopiga ni Wakenya wa kundi la Matata. Muziki wao ni fanki, ule ambao James Brown wa Marekani aliupatia sifa. Huko Uingereza kundi la Osibisa, lenye wanamuziki wa Afrika ya Magharibi, lilikuwa limekwisha kupata jina kubwa, Matata hawakulipata. Nyumbani nako masikio yalielekea rumba ya Kongo na benga, na wimbo wa Kiingereza ukahesabiwa mgeni. Mshika mawili, moja humponyoka. Hawa yaliwaponyoka yote mawili.

Je, ilikuwa haki? Maneno yao ni mepesi, hilo halifichiki. Ukiyaandika daftarini hayatakupa la kufikiri, na kwa santuri iliyojiita Uhuru, miaka kumi na mmoja baada ya bendera ya 1963, mtu angetazamia zaidi. Lakini mwache mwimbaji kidogo. Fuata gita la besi peke yake, kisha ngoma peke yake, kisha tarumbeta zinapoingia kama ugomvi. Kila chombo kina kazi yake na hakuna kinachomngoja mwenzake, ila wimbo hauvunjiki. Hao ndio wafua bati wetu!

Wako wasemao kwamba Matata waliiga Wamarekani. Na Wamarekani hao waliutoa wapi mwendo ule, kama si kwa mababu zao waliovushwa bahari katika utumwa? Kumwita Mwafrika mwigaji kwa kuucheza ni hukumu ya haraka mno.

Santuri yao ya pili, Feelin' Funky, ilifuata mwaka 1975. Wewe anza na ya kwanza.