Puto Halitoi Ushahidi

Kwa yakini Jerry Miculek, yule mlengaji wa Marekani, alipiga, na wale washikiliao hata leo kwamba ile video yake ya kulipasua puto kwa rivolva ya milimita 9 kutoka yadi 1,000 ni ya kughushi hawajaleta hoja yenye kusimama; walakini tashwishi yao ina asili, na asili yake si mkono wa mpigaji, bali ni ule uamuzi wa kulifanya puto kuwa shahidi.

Kazi ya mpigaji, kama itarajiwavyo kwa mtu ambaye mwaka 1999 alifyatua risasi 8 za rivolva kwa sekunde 1, ilikuwa barabara. Amma puto, likisha kupasuka halibakishi alama: halielezi kama risasi ilipita katikati au ukingoni, wala halibainishi kilicholipasua, kama ni risasi yenyewe au ni kijiwe kilichorushwa na risasi iliyoangukia mchangani. Umbali ule ni mita 914, na risasi ya bastola, ambayo hushuka makumi ya mita njiani hata mlengaji akalazimika kuielekeza juu mno, hukaa hewani zaidi ya sekunde 3, ilhali mlio wake hufika kwa sekunde 2.7 hivi, basi aliye karibu na shabaha huusikia mlio kabla ya kuliona pigo. Hiyo ndiyo ithibati ambayo mghushi asiyeijua fani huikosea, nayo ilistahili kutangulizwa, kwa kamera iliyoachwa wazi kando ya shabaha tangu mlio hata pigo, na nyuma yake karatasi pana yenye kuhifadhi tundu.

Nimekwisha kusema, wala sitachoka, kwamba wahariri wa zama hizi huikata picha pale pale mtazamaji anapohitaji mfululizo, kisha wakaufunika mlio kwa muziki, na hiyo ni dhuluma kwa mlengaji hodari.

Walengaji wa kale hawakudhulumiwa hivyo. Annie Oakley, yule mwanamke mlenga shabaha, aliposimama mbele ya kamera ya Thomas Edison huko New Jersey mwaka 1894, alionekana yeye, bunduki yake na vile vitufe vya kioo katika picha moja isiyohama. Naye Ed McGivern, bingwa wa rivolva, tarehe 20 Agosti 1932 huko South Dakota, alipiga risasi 5 kwa sekunde 0.45 kutoka futi 15, akafanya hivyo mara mbili, na matundu yake yakafunikika kwa sarafu moja ya nusu dola. Miculek ni wa daraja lao, naye alistahili karatasi.