Giaboksi Mbili, Rejeta Moja

Fundi alipoichukua rejeta kuukuu, akaipiga sabuni ya unga, akaisuuza kwa mpira wa maji na kuirudisha ndani ya Wish kwa bolti zile zile, nilijua giaboksi mpya imekwenda na maji. Sikulisema kwa mafumbo. Nililisema kwa sauti, mbele yenu nyote mliokuwa chini ya mwarobaini Jumamosi ile, na jibu mnalikumbuka: "Mzee wangu, rejeta haina neno. Ni kuiosha tu." Jumanne asubuhi dipstiki ilitoka na maziwa ya waridi. Sasa nina ukurasa mzima wa kueleza ile "haina neno" ilikuwa na maneno mangapi.

Kwa aliyeikosa sehemu ya kwanza: gari ni Toyota Wish ya 2005, injini 1ZZ, otomatiki ya gia nne, mali ya shemeji yangu mwalimu, na siku za shule hubeba watoto sita ambao watatu tu ndio wake. Lilishuka Kilindini mwaka 2012, mwaka mmoja kabla sheria ya kukataa magari ya zaidi ya miaka minane haijalifungia mlango, na tangu siku hiyo sampu ya giaboksi haikuwahi kufunguliwa. Mwezi uliopita likaanza tabia. Ukitia D, linafikiria kwanza. Kisha likawa linanguruma kupanda daraja la Nyali bila kwenda, gia ya pili inateleza mpaka ya tatu iingie kwa teke. Ilipochomolewa dipstiki, mafuta hayakuwa mekundu wala meusi; yalikuwa rangi ya maziwa ya stroberi. Hapo uchunguzi ulikuwa umekwisha. Kuna maji ndani ya giaboksi, na hapa Kiembeni hatuna mto unaopita juu ya boneti.

Maji yalitoka wapi? Katika gari kama hili ni mahali pamoja tu maji na ATF huishi nyumba moja: tangi la chini la rejeta. Mle ndani mna kipozeo, kibomba ambacho mafuta ya giaboksi hupita kupoa huku maji ya injini yakikizunguka. Kinachowatenganisha ni ukuta mwembamba wa chuma. Ukuta ukitoboka, jirani huingia kwa jirani bila hodi.

Kwamba giaboksi ya kwanza ilikuwa imekufa, sibishani na fundi. Sahani za klachi zina utando wa karatasi ngumu uliogandishwa kwa gundi, na utando huo hupenda maji kama sponji: huvimba, hubanduka, vipande vyake huelea mpaka kwenye chujio na kuziba vijia vya valvu. Gari lilitembea hivyo wiki tatu. Kuagiza giaboksi ya mtumba kutoka Japani ulikuwa uamuzi sawa. Na kazi ya kuipandisha ilikuwa safi: konveta ilikaa mpaka mwisho kabla ya bolti hata moja kukazwa, mauntini zikawa mpya, kebo ya gia ikarudi ilipotoka. Nimemaliza kusifu.

Sasa turudi kwenye rejeta, maana nimeona watetezi wa fundi ni wengi, na baadhi yao magari yao yako pale pale kwenye foleni yakimsubiri.

Hoja yao ya kwanza: mipira na kipozeo vilipulizwa kwa kompresa. Vilipulizwa, ndiyo, nami nilikuwapo. Upepo uliingia huku ukatoka kule, likaruka tone la uji wa waridi, watu wakaridhika. Lakini kupuliza huondoa uchafu, hakupimi tundu. Tundu la sindano halizuii upepo kutoka upande wa pili. Ukitaka kujua kama kibomba kimetoboka, unaziba mdomo mmoja, unatia upepo mdomo wa pili, kisha unalitumbukiza tangi ndani ya maji na kunyamaza kidogo. Fundi wa baiskeli wa Mwembelegeza hufanya hivyo mara kumi kwa siku: karai, maji, tyubu, anageuza polepole mpaka aone mapovu. Hana komputa, hana jeki ya haidroliki, na hajapata kurudisha tyubu ndani ya tairi kwa sababu imeoshwa vizuri.

Hoja ya pili ndiyo inayowachanganya hata watu wenye akili zao. Wanasema, tulilijaribu barabarani! Mpaka Mtwapa na kurudi, gia zinaingia kama siagi, dipstiki nyekundu. Kweli kabisa. Na jaribio lile lisingeweza kuonyesha kitu, hata wangekwenda mpaka Malindi.

Injini inapozunguka, pampu ya giaboksi husukuma mafuta kwenye kipozeo kwa presha inayoishinda ya maji. Kwa hiyo pale penye tundu, mafuta ndiyo yanayohamia kwenye maji. Giaboksi inatoa, haipokei. Ukichomoa dipstiki utakuta mafuta mekundu matamu, na kiasi kilichopungua ni kidogo mno kukishtukia. Sasa zima gari. Pampu imesimama, presha ya mafuta imekuwa sifuri. Lakini rejeta bado inachemka na mfuniko wake umebana. Umetengenezwa kushikilia presha ya karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Presha hiyo itakwenda wapi? Itasukuma maji kupitia tundu lile lile, safari hii upande wa pili, taratibu, mpaka rejeta ipoe. Giaboksi ile haikuharibikia barabara ya Malindi. Ilizama usiku, gari limelala na mwenyewe amelala.

Ndiyo maana Jumamosi ilikuwa furaha, Jumapili ilikuwa furaha iliyopungua kidogo, na Jumanne watoto sita walikwenda shule kwa tuktuk.

Lakini kosa lililonikera kuliko hayo ni sabuni. Kabla ya kuoshwa, rejeta ile ilikuwa inazungumza. Ndani ya chupa ya akiba palikuwa na utando wa waridi umeganda ukutani kama ukoko wa uji, na chini ya mfuniko palikuwa na mafuta yanayoteleza ukiyasugua kwa vidole. Mafuta kwenye maji, maji kwenye mafuta: mashahidi wawili wa kesi moja, wote wanasema tangi la chini. Fundi aliwaona. Akawaosha. Kijana wake alisugua ile chupa kwa brashi ya viatu mpaka ikang'aa, na sote tukaona ni usafi.

Nitasikia tena kwamba rejeta mpya ni gharama, na mwalimu alikuwa ameshatoa pesa nyingi. Jamani, aliyelipia giaboksi hawezi kuambiwa amebana pesa. Na kama kweli mfuko ulikuwa umekauka, kulikuwa na njia ya bei ya chini: iache rejeta ipoze injini peke yake, ATF uipeleke kwenye kipozeo kidogo cha nje, mbele ya kondensa ya AC, mipira miwili na klipu nne. Wazungu wa nchi za baridi wana sababu ya kuogopa njia hiyo, maana rejeta huwasaidia kupasha mafuta wakati wa theluji. Sisi theluji tunaiona kwenye televisheni.

Maji nayo nitayasema tena, ingawa mhariri ameniomba nipumzike. Maji ya bomba kutoka Baricho yakikatika, na yanakatika, Kiembeni nzima hurudi kisimani, na kisima chetu kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Maji yake yana chumvi, yana chokaa. Birika lako linajua. Maji hayo hayo tunayokataa kupikia chai kwa sababu yanaharibu ladha, tunayamimina kwenye rejeta ya alumini na kuyachemsha kila siku kwa miaka. Chumvi hula chuma. Chokaa hujenga ganda, ganda huzuia joto kutoka. Kidumu cha kulanti kinauzwa pale pale stendi na watu wanakipita kwenda kuomba maji ya bure kwa muosha magari. Mwalimu alikiri mbele yangu kwamba kulanti ya mwisho aliyoiona ni ile iliyokuja na gari. Tundu la kipozeo halikuanza mwezi uliopita. Lilianza siku ile maji ya kwanza ya kisima yalipomiminwa.

Na thamostati! Nilipouliza iko wapi nikaambiwa ilitolewa zamani, "Pwani hakuna baridi." Wanangu, thamostati haiko pale kwa ajili ya baridi ya nje. Bila hiyo maji huzunguka ovyo, injini huchelewa kupata joto lake, na komputa ya otomatiki ikiona injini haijapata moto hukataa kutia gia ya juu na kukataa kufunga klachi ya konveta. Konveta isiyofungwa hukoroga mafuta tu, na kukoroga ni joto. Kwa hiyo umetoa thamostati ili gari lipoe, na umeikaanga giaboksi. Kisha gari hukaa foleni kuanzia Bombolulu mpaka Lights, saa nane mchana, mwezi wa pili, mguu kwenye breki na gia ikiwa D, na mwenyewe anashangaa.

Kulikuwa pia na mtu wa mashine ya kusoma makosa, naye sitamtaja zaidi ya hivi: siku ya kwanza mashine ilisoma P0741, yaani klachi ya konveta haishiki, akauza solenoidi. Mashine ilisema kweli. Klachi haikushika kwa sababu ililowa. Solenoidi ilikuwa nzima, na bado ni nzima, iko kwenye droo ya shemeji.

Wasomaji wangu wa zamani wanajua nikifika hapa nitamtaja Joginder Singh, basi na tumalize. Mwaka 1965 alishinda Safari Rally akiwa na nduguye Jaswant ndani ya Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Gari la mtumba, enyi mnaolalamikia mitumba! Baadaye akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Alikuwa ameanza maisha kwa spana, si kwa usukani, na gari likimwambia jambo alilisikia. Gereji za Kalasinga nilizozikuta ujanani zilikuwa na sikio hilo hilo: ukipeleka Peugeot 404 inayochemka, hawakukuuliza unataka kubadilisha nini, walikuuliza imechemkia wapi na saa ngapi.

Mzee aliyenifundisha kazi, huko Changamwe, alikuwa na safu ya misumari ukutani. Kila kilichotoka ndani ya gari kilitundikwa kwenye msumari wake, hakioshwi, hakifutwi, mpaka yeye aje akiangalie kwa macho na akinuse. Mwanafunzi aliyeosha kitu kabla mzee hajakiona alishinda siku nzima akifagia. Nilifagia mara mbili. Mara ya pili ilikuwa ni kabureta, na nilikuwa nimeing'arisha kweli kweli.

Jumatano iliyopita nililikopa karai la fundi wa baiskeli, nikamwomba na upepo. Tulilaza rejeta ya Wish, tukaziba mdomo mmoja wa kipozeo kwa kipande cha mpira na klipu, tukatia upepo kidogo mdomo wa pili, tangi la chini likiwa limezama. Kwanza kimya. Fundi wetu akatabasamu. Kisha kwenye shingo ya chini, pale mpira mkubwa unapoingia, likachomoza povu moja la ukubwa wa punje ya mtama, likakaa, likaondoka. Likaja jingine. Baadaye yakawa yanafuatana kama tasbihi. Hakuna aliyesema kitu isipokuwa fundi wa baiskeli, aliyetaka karai lake.

Rejeta mpya imefungwa, na kulanti ndani yake, na thamostati. Mafuta ya giaboksi tuliyamwaga na kujaza mara tatu, maana ukifungua sampu hutoka lita tatu na ushei tu, na zaidi ya nusu hubaki ndani, nyingi kwenye konveta. Mara ya kwanza yalitoka maziwa, ya pili chai ya rangi, ya tatu mekundu. Gari linakwenda. Asubuhi ukitia D, bado linafikiria kidogo, na mimi kufikiria kule nakujua.

Jana nilipita gereji kumlipa kijana. Rejeta kuukuu ilikuwa imeegemezwa ukutani tangu Jumatano. Sasa pale palikuwa na alama ya maji tu kwenye vumbi. Nikamuuliza imekwenda wapi.

"Imepata gari, mzee. Noah moja ya jamaa wa Utange. Nimeiosha vizuri."

"Noah hiyo ni manyuali?"

"Otomatiki."